Siku niliyomwongoza mama mkwe kwa mgongo

Jumapili, mwezi wa saba. Tunduma. Baridi, upepo, na vumbi la malori limeingia mpaka kwenye chai.

Leo sijatoka. Pikipiki iko chini ya turubai, kofia iko juu ya kabati, na mimi niko kitandani nimevaa soksi mbili mbili kama mgonjwa. Kijiweni wamenipigia simu, nimewaambia tumbo. Si tumbo. Ni hofu.

Haya, nimeshaandika.

Mnaonisoma hapa siku zote mnanijua, mimi si mtu wa kuogopa. Nimepenya na abiria katikati ya foleni ya malori mpakani, tairi huku tairi kule, nikiwa napiga mluzi. Nimebishana na wabadilisha fedha wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa Kibemba changu cha kuokoteza, na nikashinda. Shule niliishia kidato cha pili lakini kijiweni wananiita Profesa, na sijawahi kuwasahihisha. Ila tangu jana jioni kifua changu kinagonga kama injini iliyokosa oili.

Sababu ni keshokutwa, Jumanne. Siku hiyo baba mdogo wangu, ambaye ndiye mshenga wangu, anakwenda kwa kina Skola kuchukua jibu la posa yangu. Baba yake Skola alishakubali tangu wakati wa mavuno. Limebaki neno la mama. Na kwetu sisi Wanamwanga baba anaweza kukubali mpaka sauti imkauke, mama akikataa mnakunja jamvi mnarudi kwenu.

Sasa sikilizeni nilichomfanyia huyo mama jana.

Kwa wasomaji wangu wa mbali nieleze kwanza. Ukishapeleka posa, wewe na mama mkwe hamwonani. Simaanishi mmegombana. Ni heshima. Humwangalii usoni, humtaji jina, huli anapokula. Mkikutana njiani mmoja wenu anapinda kando mpaka mwenzake apite. Yeye naye hivyo hivyo kwako. Mnaishi hivyo mpaka siku ya kufunguliwa, anapopelekewa zawadi yake, anapika, anakuita, ndipo mnaanza kusalimiana kama watu. Vijana wa siku hizi wengi wameacha, wanapiga picha na mama mkwe wakitabasamu. Kina Skola hawajaacha. Hata mimi, na mdomo wangu wote huu, sijaacha. Sijui kwa nini. Kuna vitu unavicheka kijiweni halafu vikikukuta mwili wenyewe unakimbia.

Kwaya ya kanisa letu ilipanga safari ya kwenda kuuona mji wa zamani ulioko kule chini, kando ya Ziwa Tanganyika. Jina la mji sitalitaja. Mtaona mbele kwa nini, ila kwa kifupi wenyeji wakisoma watanisaka. Mwenyekiti wa kwaya, mwalimu mstaafu anayependa mambo yaende kwa mstari, akauliza kanisani nani anaufahamu mji huo atutembeze kwa miguu, atueleze historia. Hajamaliza swali, mkono wangu uko juu.

Kweli nimeishi kule. Nilikuwa utingo wa lori la saruji, tukashusha mizigo bandarini miezi kadhaa. Kwa hiyo naujua mji. Najua kwa mama chapati, najua mahali malori yanapolala, najua bomba la maji lisilokauka. Historia ndiyo sikuijua. Nilijua kuna kuta za mawe kilimani na watu husema ni za Mjerumani. Nikasema moyoni, mengine nitayatengeneza njiani.

Na mnajua nilikuwa namtengenezea nani. Skola anaimba sauti ya pili. Nilitaka anione nimesimama mbele ya watu na kipaza sauti mkononi, nimevaa fulana nyeupe na miwani, naeleza mambo ya karne. Wiki nzima nilikuwa najizoeza mbele ya kioo cha pikipiki.

Ijumaa tukaondoka na Kosta mbili. Mimi nikapanda ya mbele, kwa sababu mwongozaji hukaa mbele. Skola sikumwona, nikadhani yuko ya nyuma na kina mama. Tukalala Sumbawanga kwenye ukumbi wa kanisa, wanaume huku, wanawake jengo la pili. Asubuhi tukateremka kwenda ziwani na simu yangu tangu tutoke Tunduma ilikuwa haijashika mtandao.

Tulipofika bandarini mtandao ukarudi na simu ikatetemeka. Ujumbe wa Skola, wa tangu Ijumaa. Tajiri wake wa dukani amevuka kwenda Nakonde kufuata mzigo, kamwachia duka, hawezi kuja. Nauli imeshalipwa na kiti kisiende bure. Kwa hiyo amekuja mama.

Nilisoma mara tatu. Nikainua macho, na mlango wa Kosta ya pili ukawa unafunguliwa.

Kwanza lilishuka tenga la nyanya, maana kina mama walikuja na chakula chao. Akafuata Mama Zawadi, jirani yetu, ambaye mtaani kwetu ndiye redio. Nyuma ya Mama Zawadi nikaona kitenge cha kijani chenye duara za njano. Kitenge kile nakijua, huwa kinaanikwa kwenye kamba nje kwa kina Skola. Sikungoja kuona uso. Niligeuka haraka mpaka miwani ikaanguka.

Na hapo ndipo ziara ilipoanza.

Nataka mjaribu kupiga picha. Mwongozaji kazi yake ni kutazamana na watu. Mimi nilisimama nimewapa watu wote mgongo, natazama ziwa, nasema kwenye kipaza sauti: karibuni katika mji wa kale. Watu wakadhani nawaonyesha maji. Wakangoja nigeuke. Sikugeuka. Nikaanza kutembea, nao wakanifuata, naelekeza kwa mikono nyuma ya mgongo kama trafiki aliyechanganyikiwa.

Mwenyekiti akanijia, akaninong'oneza kwa hasira nigeuke, watu wa nyuma hawasikii. Nikamwambia waongozaji wa kimataifa huongoza hivi hivi, ili wageni wasikose kuona mbele. Ualimu ulimrudia usoni.

Aliyeelewa upesi ni Mama Zawadi. Nilimsikia akiwaambia wenzake mwacheni mkwe wa watu, leo kavaa macho kisogoni. Kina mama wakacheka. Nami nikajua kitenge cha kijani kiko pale pale katikati yao na kinasikia kila kitu.

Hofu ikizidi, mdomo wangu hufunguka. Ndivyo nilivyoumbwa. Nikaanza kumwaga historia. Nyumba ya ghorofa iliyovunjika mlango, nikasema ni hoteli ya maofisa wa Kijerumani. Mzee mmoja mwenyeji aliyekuwa amekaa barazani akasema ile ilikuwa ghala la chumvi la shemeji yake. Nikasema ndiyo, baadaye. Bandarini nikaeleza kwamba Mjerumani alichagua kukaa hapa kwa sababu ya migebuka, kwamba kule kwao alikuwa hapati samaki wa kukaanga. Wanakwaya wengine waliandika. Nawaambia ukweli, waliandika.

Na kila nilipodanganya nilijiuliza, je, yeye anaamini? Anajua naongopa? Anasema moyoni, huyu ndiye anayetaka kumchukua mwanangu?

Wakati wa kula ukafika. Wakatandika vitenge kivulini, wakafungua ugali na maharage na kuku wa kukaanga. Mwongozaji anaitwa akae kati. Nikasema nimefunga. Mwenyekiti akauliza nimefunga kwa ajili gani, nikasema kwa ajili ya safari. Nikaenda nyuma ya Kosta nikala andazi la tangu Sumbawanga, gumu kama tofali, huku nanusa kuku wa watu.

Kisha tukapanda kilimani kwenye kuta.

Hapa ndipo penyewe. Mwenyekiti alikuwa ameniagiza kila kituo nihesabu watu, asiachwe mtu. Kazi nyepesi. Lakini kuhesabu ni kuangalia. Nitamhesabuje mtu nisiyeruhusiwa kumwangalia? Kwa hiyo tangu kituo cha kwanza nilibuni njia yangu. Nilikuwa naangalia kwa pembeni, nikikaribia kitenge cha kijani naruka, naendelea na wengine, halafu mwishoni naongeza mmoja. Mmoja wa heshima. Hesabu inatimia, adabu haivunjiki. Nilijisifu kwa akili hiyo. Nilisema Profesa si jina la bure.

Juu kilimani njia ni nyembamba, inapita kati ya kuta zilizobomoka. Tulipofika juu nikakumbuka nimesahau chupa yangu ya maji kwenye kona ya chini. Nikarudi mbio peke yangu kuifuata, watu wakiwa bado wanapanda. Njiani nilipishana na wengi. Sikumwona yeye, na kwa kweli nilishukuru. Nikachukua chupa, nikapanda tena, nikaeleza kwamba pale ndipo walipokuwa wanafungia simba, tukapiga picha, tukateremka upande wa pili kwenye Kosta.

Nikahesabu. Nikaongeza mmoja wa heshima. Ikatimia.

Madereva wakawasha. Watu wamekaa. Nikiwa na mguu mmoja mlangoni, Mama Zawadi akatoa kichwa dirishani kwenye Kosta ya nyuma, akauliza mbona kiti cha Mama Skola kina mkoba lakini mwenye mkoba hayupo.

Hata injini niliona kama zimezima.

Nilikuwa nimemhesabu mama mkwe wangu siku nzima bila kumwona. Angeweza kubaki bandarini, angeweza kuwa amezama, mimi ningeendelea kumwongeza tu, mmoja, mmoja, mmoja, mpaka Tunduma. Ningefika na kwenda kusema nini? Skola, mama yako hesabu yake ilitimia?

Mwenyekiti alianza kuuliza nani alimwona mwisho. Sikungoja. Nilikimbia. Nilipanda kilima kile kwa raba zangu zinazoteleza, na kila nikitazama chini kwenye maji nilikuwa naona rangi ya kijani. Lilikuwa ziwa lenyewe. Lakini moyo haukuniambia hivyo.

Juu hapakuwa na mtu. Kuta tu, majani makavu, na upepo. Kumwita siwezi. Jina lake silitaji, na mama siwezi kumwita kwa sauti porini kama namwitia mbuzi. Nikasimama katikati ya magofu yasiyo na mlango wala dari, nikasema, "Hodi."

Nikasubiri, nikarudia.

"Hodi humu ndani."

Nyuma ya ukuta wa kushoto nikaona pindo la kijani. Halafu kidole gumba cha mguu, kimetoka kwenye kiatu cha plastiki. Nikageuka papo hapo, nikaegemeza mgongo kwenye ukuta ule ule, yeye upande wake, mimi upande wangu. Sikujua nilie au nicheke kwa kumpata.

Juu ya ukuta kulikuwa na mjusi, wale wenye kichwa cha rangi. Nikasikia sauti ya upande wa pili, ya chini, ya taratibu. Hakuwa anasema na mimi.

"Wewe mjusi," alisema, "hivi wale watu wameshaondoka?"

Nikamjibu mjusi. Nikamwambia wapo, Kosta zinangoja chini, na kuna mtu mmoja amekuja kwa ajili ya kuonyesha njia. Mjusi akakimbia zake. Basi tukabaki na ukuta.

Kwa kuongea na ukuta nilipata habari yote. Alikuwa anapanda mwisho kabisa, kwa sababu kiatu kilikuwa kinamsumbua. Akaona mtu anateremka mbio kumjia usoni. Akajua ni nani. Akapinda nyuma ya ukuta, akajifunika, akangoja mtu yule apite. Mtu yule akapita. Kisha akarudi tena juu mbio na chupa, naye akajificha mara ya pili. Alipotoka akakuta njia mbili, akafuata moja, ikampeleka kwenye makaburi. Akarudi. Akasikia kipaza sauti upande wa chini. Angepiga kelele amwite nani? Jina la mkwe halitajwi. Akakaa.

Yaani mimi namkwepa yeye, yeye ananikwepa mimi, na katikati yetu mtu akapotea.

Nikauambia ukuta kuwa huyo mwonyesha njia atatangulia, hatageuka nyuma, atakayependa kufuata afuate sauti ya miguu. Nikaanza kuteremka. Nilikuwa natembea polepole nakanyaga kwa nguvu ili asikie. Penye jiwe bovu nilisema kwa sauti, kama najiambia mwenyewe, hili linacheza, mtu akanyage kulia. Nikamsikia anakanyaga kulia.

Tukaenda hivyo kidogo. Halafu sauti ya nyuma ikauliza hewa, ni kweli pale walifungia simba?

Mdomo wangu ulikuwa tayari. Nilikuwa na simba watatu wa kumpa, na jina la mlinzi wao. Nikawaacha. Nikaiambia njia kwamba hapana. Kwamba mwongozaji hajui nani alijenga, hajui walifungia nini, alitaka tu kuonekana anajua. Ni mara yangu ya kwanza kusema hivyo nikiwa mzima.

Nikasikia viatu vya plastiki tu. Nikasema moyoni, basi, umekwisha, Jumanne baba mdogo anarudi mikono mitupu.

Ndipo akaongea, na sasa hakutafuta mjusi wala ukuta. Alisema tu, kama mtu anayefikiri kwa sauti. Alisema ana mtoto wa dada yake kaolewa ng'ambo, Nakonde. Mume alikuja na maneno matamu kuliko asali, nyumba nzima ilicheka alipokuja. Yule binti hacheki tena.

"Maneno ya kijana huyu nimeyasikia leo siku nzima," akasema. "Mimi nataka kujua kitu kimoja. Akikasirika, anafanyaje?"

Nilisimama. Nilisahau kutembea.

Ningeweza kusema hakasiriki. Wote husema hivyo. Lakini ningemwambia hivyo mama mtu mzima, ambaye ameishi na mume? Nikafikiri mara ya mwisho nilipokasirika sana. Ilikuwa na Skola mwenyewe, alinichelewesha stendi nikapoteza abiria wa kuvuka. Nilitaka kusema neno baya. Lilikuwa hapa, ulimini.

"Ananyamaza," nikasema, macho mbele. "Anaenda kuosha pikipiki. Anaiosha mpaka rangi inataka kutoka. Akimaliza anarudi kusema na mtu."

Hapo nikasikia kitu nyuma yangu.

Kilikuwa kifupi. Kilitokea puani au kooni, sikuelewa. Kama kicheko kilichobanwa. Au kikohozi. Vumbi lilikuwepo, nalo lingeweza kumpata mtu yeyote. Shingo yangu ilitaka kugeuka, nakwambieni ilitaka, niliishika kwa mkono. Ningeona uso wake ningejua kila kitu. Na ningeona uso wake ningekuwa nimeharibu kila kitu.

Tukafika mahali njia inapotokeza kwenye jiwe kubwa, chini kote ni ziwa. Miguu ya nyuma ikasimama. Nikangoja. Akasema, polepole, kwamba tangu asubuhi hajaliona. Kila alipotaka kuinua uso, kuna mtu mbele mwenye kipaza sauti, ikambidi ajifunike, atazame miguu. Amezaliwa Mbozi kwenye kahawa, akaolewa Momba, akahamia Tunduma, ziwa amelisikia kwenye nyimbo tu. Kiti cha binti yake alikichukua kwa ajili hiyo.

Siku nzima nilidhani mimi ndiye ninayeteseka.

Nikajisogeza pembeni, nikakaa kwenye jiwe, nikalipa ziwa mgongo na yeye pia mgongo, uso wangu ukaangalia majani. Nikasema kwa majani kwamba hapa ndipo mahali pazuri pa kuangalia, na mwonyesha njia ana haja ya kupumzika.

Chini wakapiga honi. Sikutikisika. Wakapiga tena, ndefu. Mwenyekiti aliita jina langu lote, mpaka lile la ubatizo. Sikuitika. Nilijua kuna njia ndefu ya kurudi, najua Kosta mbili zina watu waliochoka, na kwa mara ya kwanza siku ile sikujali nani ananionaje. Nyuma yangu hapakuwa na sauti ila upepo unapiga kitenge. Alikaa na ziwa lake mpaka alipotosheka. Akapumua kwa nguvu, akasema, "Haya, mukwai," kwa namna wanavyosema watu wa upande wa Zambia wanapoheshimu. Sijui alimwambia nani. Huenda ziwa.

Karibu na Kosta akaniacha nitangulie. Nikafika peke yangu, mwenyekiti akanifokea mbele ya wote, kwamba nimepoteza mtu na nimepoteza saa, kwamba uongozaji si mchezo. Ningeweza kujitetea. Nilikuwa na hadithi nzuri, ya kwanza ya kweli siku nzima. Nikasema samahani, nikapanda. Kupitia dirishani, kutoka Kosta ya nyuma, nikamsikia Mama Zawadi anamuuliza mwenye mkoba alikuwa wapi, naye anajibu kwamba alikuwa anaangalia maji, na amerudi mwenyewe. Mwenyewe. Zaidi ya hapo sikusikia kitu mpaka Tunduma.

Basi ndiyo hofu yangu. Je, nimevunja mwiko au sijavunja? Tumeongea, lakini hatukuambiana. Nimemwona kidole gumba. Kidole ni uso? Asubuhi nilimpigia baba mdogo nikamuuliza kama mfano tu, kama jambo lililomkuta rafiki. Akasema huyo rafiki yako aje anione kabla ya Jumanne. Nitakwenda. Nitamwambia rafiki ni mimi, hata kama itabidi aongeze kuku wa kuomba radhi.

Na aliposema amerudi mwenyewe, alinifichia aibu? Au alikuwa anasema hamjui mtu kama mimi?

Saa hizi Skola amepiga simu kutoka dukani. Nikamuuliza mama amefikaje. Amefika salama, anasema, tangu jana anaongelea maji tu, yalivyo mengi, yasivyo na upande wa pili. Nikamuuliza kama amesema chochote kuhusu ziara. Hajasema. Nikamuuliza kuhusu mwongozaji. Hajasema. Nikavuta pumzi.

Nikamuuliza kama mama ana kikohozi.

"Kikohozi?" akasema Skola. "Mama? Hana kikohozi. Mwaka huu wote sijamsikia akikohoa."

Hata kidogo, hata cha vumbi? Hata cha vumbi. Akauliza kwa nini, nikasema ni mambo ya afya tu, nikakata simu.

Hana kikohozi. Kwa hiyo kilikuwa kicheko. Nikaruka kitandani na soksi zangu mbili mbili, nikafungua mlango, nikaona jua limetoka juu ya vumbi lote lile, nikataka kuwasha pikipiki niende kijiweni nikawatangazie wote.

Halafu nikakaa tena. Maana watu hucheka kwa namna mbili. Kuna kumcheka mtu kwa kuwa umempenda, na kuna kumcheka kwa kuwa umemwonea huruma, yeye na mdomo wake na pikipiki yake iliyooshwa.

Nilikuwa nimempa mgongo. Mungu wangu, alicheka kicheko kipi?